Turudishieni Emirates Cup ya siku mbili

Nina kaunta buku moja ya kwaya mbili, jalada lake jekundu limeshachakaa kabisa, nimehama nayo kutoka Tanga mpaka Dar, na hapa Dar nimehama nayo nyumba tatu, kuna siku mume wangu aliitia kwenye fungu la makaratasi ya kumpa muuza karanga nikaiwahi mlangoni. Ndani hamna siri wala mashairi. Kuna matokeo ya Emirates Cup tu, mwaka hadi mwaka, kwa mkono wangu mwenyewe, kalamu ya bluu kwa mechi za watu wengine na nyekundu kwa mechi za Arsenal. Jana nimeitoa tena kabatini ndo maana naandika hapa.

Kwa wasioijua, Emirates Cup ni mashindano ya kirafiki ambayo Arsenal wanayaandaa nyumbani kwao London kabla msimu haujaanza, mwisho wa Julai au mwanzo wa Agosti. Ilianza 2007, mwaka mmoja tu baada ya uwanja wa Emirates kufunguliwa. Wazo lenyewe halikuwa geni, Arsenal walishazoea kwenda Uholanzi kwenye mashindano ya Ajax pale Amsterdam, timu nne, wikiendi moja, basi nao wakaamua kuwa na la kwao. Mwaka wa kwanza wakaja Inter Milan, PSG na Valencia. Thierry Henry, mfungaji wetu mkubwa, ndo alikuwa ametoka kuuzwa Barcelona, watu roho mkononi, tutaishije bila Henry, Arsenal akashinda mechi zote mbili 2-1 na 2-1 kombe likabaki nyumbani. Hiyo ya 2007 sikuiona, wala ya 2008 ambayo Hamburg walikuja wakabeba mbele ya Juventus na Real Madrid, niliziandika baadaye kwa kumuuliza kaka yangu.

Kaka ndo aliyenitia kwenye mambo haya. Yeye ni Arsenal tangu enzi za Kanu yule Mnigeria, mie nikamfuata tu kama kifaranga. Tulikuwa tunakaa Makorora na mtaa wa pili kulikuwa na banda la mjomba mmoja, si mjomba wetu wa damu ila mtaa mzima tulimwita hivo, benchi za mbao, turubai la bluu juu, tivii mbili za kichogo, moja inaonyesha mpira nyingine muvi. Nlikuwa msichana pekee mle ndani, mjomba akanipangia kiti changu cha plastiki karibu na mlango, akasema huyu binti asiguswe na yeyote, basi nikawa naangalia mpira kwa amani yangu.

Sasa kilichonifanya niipende Emirates Cup kuliko hata mechi nyingi za ligi ni ubao. Mjomba alikuwa na ubao mweusi nje, wa kuandikia ratiba kwa chaki, na siku za Emirates Cup anaugeuza unakuwa msimamo. Timu nne, kila timu inacheza mechi mbili, moja Jumamosi moja Jumapili, hazikutani zote. Ushindi pointi 3, sare pointi 1, alafu hapa ndo penyewe, kila bao unalofunga unapewa pointi moja ya ziada. Yaani mkitoka sare ya 2-2 kila mmoja anaondoka na pointi 3, na mwenye kushinda 1-0 ana 4 tu. Hesabu inabadilika kila nyavu zikitikisika. Mjomba anatoka nje anafuta anaandika, anarudi, bao lingine, anatoka tena, na waliokosa hela ya kuingia wamesimama pale nje wanaufata mpira kwa ubao peke yake, anayefutiwa namba analalamika kabla hajajua nani kafunga. Mtu anaongoza 3-0 dakika ya 88 na bado anataka la nne, kwa sababu la nne lina maana. Mechi gani nyingine ya kirafiki umeona watu wanapiga kelele kwa bao la nne?

Mwaka wangu wa kwanza ni 2009. Nlikuwa na miaka 13. Jumamosi Arshavin akawapiga Atletico Madrid mbili, tukashinda 2-1, Jumapili Rangers wa Scotland wakala 3-0, na mbili kati ya hizo kafunga mtoto wa miaka 17 anaitwa Jack Wilshere. Nakumbuka kaka alisimama kwenye benchi akawa anauliza watu "huyu nani huyu, huyu nani?" na hamna aliyekuwa na jibu la maana. Siku hiyo niliporudi nyumbani nikachukua kaunta buku niliyonunuliwa kwa ajili ya jiografia, nikapiga mistari minne, nikaandika. Jiografia nikaandikia daftari jingine.

2010 tukabeba tena, sare ya 1-1 na Milan na 3-2 na Celtic, Lyon nao walikuwepo. Nipite haraka hapo, maana nataka kufika 2011.

2011 walikuja Boca Juniors kutoka Argentina, PSG, na New York Red Bulls. Na New York ndo alikuwa Thierry Henry. Mnaelewa? Henry anarudi Emirates na jezi ya watu wengine. Mtaani kwetu hiyo habari ilikaa wiki nzima, kuna watu wa Manchester na Chelsea kabisa walisema watakuja kuangalia. Jumamosi tulitangulia 2-0 kwa Boca wakarudisha zote, ikawa 2-2, roho zikauma lakini ubao ukasema tuna pointi 3 na kesho ipo.

Jumapili yenyewe ilikuwa tarehe 31 Julai na mwezi wa Ramadhani ulikuwa unatazamiwa. Mama kanituma dukani, tende kilo moja, unga wa ngano, na sukari, mara mbili kaniambia usipite kule kwenye banda. Nikapita. Nlijiambia nachungulia dakika tano tu, nikakaa kwenye kiti changu cha mlangoni na kikapu mapajani, tende ziko kwenye mfuko wa nailoni zinanata. Banda limejaa mpaka watu wamekaa chini mbele ya tivii miguu wameikunja. Mwaka ule mgao wa umeme ulikuwa mkali sana kama mnakumbuka, kwaiyo mjomba alikuwa anaendesha kwa jenereta, liko nyuma ya banda linanguruma, moshi unapita chini ya turubai, watu wanakohoa na hamna anayetoka.

Henry alipoingia uwanjani wale mashabiki kule London walivyompokea, wee, banda zima lilinyamaza. Watu wazima wenye ndevu zao kimya. Mjomba mwenyewe kaacha kukusanya hela, kasimama na mkebe wa chenji mkononi. Van Persie akafunga kabla ya mapumziko, 1-0, tukashangilia lakini ilikuwa ile shangwe ya adabu, kama unashangilia mbele ya baba mkwe.

Alafu zikiwa zimebaki kama dakika kumi, jenereta likakohoa mara mbili likazima.

Giza. Kelele zilizotoka pale nadhani mpaka Mkwakwani, uwanjani kwa Coastal Union, walizisikia. Mafuta yameisha, mjomba katuma kijana na kidumu, kijana kakimbia peku, watu wanawasha tochi za simu wanaangaliana nyuso tu. Sijui ilichukua muda gani, kwangu mie ilikuwa kama saa nzima ila haikufika. Jenereta lilipowaka na dishi likarudi, juu kushoto pameandikwa 1-1 na mpira unaelekea kuisha. Nani kafunga? Hamna aliyeona. Na hamna aliyeuliza mara mbili, maana jibu watu walishalikubali mioyoni, Henry. Nani mwingine? Kijana mmoja akasema "karudi nyumbani kaacha salamu" na banda likapiga makofi, nakwambia watu wa Arsenal wenyewe wanapiga makofi kwa bao walilofungwa. Ile sare ikawapa New York kombe, na bao lile hasa ndo lililotunyang'anya, maana tungemaliza 1-0 ubao ulikuwa wetu. Hamna aliyekasirika. Tukamwona Henry na kombe pale kwenye uwanja wa Arsenal, tukaona ni haki yake.

Nyumbani mama alishaanza kupiga simu kwa jirani. Sitasimulia hiyo.

Nikaandika kwenye kaunta buku "HENRY" kwa herufi kubwa, kalamu ya bluu, nikapigia mstari. Kama siku nne hivi mtaa mzima tuliishi na hilo bao, kuna waliosema alipiga kwa kisigino, kuna aliyesema alimpiga chenga golikipa. Mpaka kaka akaperuzi kwenye simu yake ya batani, akaja chumbani kwangu uso umemshuka, akasema si Henry, beki wetu kijana Kyle Bartley kajifunga. Nilikataa. Kisha nikaona mwenyewe kwenye kile kioo kidogo. Sijafuta lakini. Nimeandika "Bartley (kajifunga)" pembeni kwa penseli na HENRY bado yupo pale, na sina mpango wa kumtoa, kwa sababu jioni ile watu kama mia tuliiona furaha ya kweli kwa bao hilo. Na mwisho wa mwezi huohuo wa Agosti tukapigwa 8-2 na Manchester United kwao Old Trafford, Fabregas na Nasri wameshaondoka, kwaiyo ile jioni ya Henry ilikuwa kama zawadi ya mwisho kabla ya dhiki.

2012 hayakufanyika, London walikuwa na Olimpiki. 2013 akaja Drogba na Galatasaray akatupiga mbili kama kawaida yake kila akiiona Arsenal, wakabeba wao, Napoli na Porto wakaondoka mikono mitupu. 2014 ndo ile ya Sanogo. Hii nayo lazima niiseme. Yaya Sanogo aliwafunga Benfica mabao manne peke yake, tukashinda 5-1, mie na kaka tukaamini tumepata straika wa miaka kumi. Kesho yake Falcao akatufunga la Monaco, Valencia wakabeba kombe, na Sanogo kwenye ligi kuu hakuwahi kuifungia Arsenal hata bao moja. Alipata lake moja tu Ulaya, dhidi ya Dortmund, mwezi wa 11 mwaka huohuo. Watu wakitaka kuonyesha mechi hizi hazina maana wanamtaja Sanogo, na mimi nakubali hazitabiri kitu, sijawahi kusema zinatabiri. Lakini yale manne alifunga kweli, mbele ya uwanja uliojaa, kwenye ubao wa mjomba yalileta pointi nne kweli, na yule kijana siku ile alicheka kicheko ambacho hamna mtu anaweza kumnyang'anya.

2015 Lyon 6-0 na Wolfsburg 1-0, tukabeba, Özil na Cazorla wote wamo kwenye wafungaji, ukurasa huo ni mwekundu wote.

Sasa 2017, ambayo ndo mfano wangu mkubwa nikibishana na watu. Nilikuwa nimeshahamia Dar, naangalia kwa simu, huku napigiana na kaka Tanga. Walikuja Benfica, RB Leipzig na Sevilla. Arsenal tukampiga Benfica 5-2, Sevilla akamfunga Leipzig 1-0. Jumapili Sevilla akatufunga sisi 2-1. Kwaiyo Sevilla kashinda mechi zote mbili, sisi tumefungwa nyumbani kwetu, na kombe tukachukua sisi! Piga hesabu: Sevilla pointi 6 za ushindi jumlisha mabao 3, tisa. Arsenal pointi 3 za ushindi jumlisha mabao 6, tisa. Tofauti ya mabao wao +2 na sisi +2. Tukawazidi kwa mabao ya kufunga, sita kwa matatu. Watu walisema ni uonevu. Kaka akaniambia mjomba kaandika ubao mara tatu na watu hawataki kuamini, akaacha chaki pale akasema ambaye haamini aje ajumlishe mwenyewe. Mimi naona ilikuwa sawa kabisa. Sheria ilijulikana tangu mwanzo, mabao yana thamani, na kama ungependa timu yako icheze mpira wa namna gani mwezi wa saba kwenye jua, si huo wa kutafuta bao la tano?

Na hiyo ndo ikawa ya mwisho ya namna ile.

Iliporudi 2019 ikawa mechi moja tu, Lyon wamekuja, Aubameyang kafunga, Moussa Dembele kafunga mbili, wamebeba 2-1 wameondoka. Jambo moja zuri la siku ile, na nalisema kutoka moyoni, kabla ya wanaume walicheza wanawake, Arsenal na Bayern Munich, kwenye uwanja uleule. Walifungwa lakini nililia kidogo, nikajikumbuka pale mlangoni kwa mjomba. Hiyo ingeendelea ningenyamaza, ningesema sawa, mmetutoa timu mbili mmetupa kitu kingine. Baada ya hapo korona. 2022 Sevilla wakala 6-0, Gabriel Jesus ametoka Man City anafunga tatu peke yake, mabao manne yalishaingia kabla ya dakika ya 20, na ni mabao sita yasiyo na ubao, hayaendi popote. 2023 sare ya 1-1 na Monaco tukachukua kwa penati 5-4. 2024 Lyon 2-0, Saliba na Gabriel kwa vichwa, kona zote mbili. 2025 Athletic Bilbao 3-0, Gyökeres akafungua akaunti kwa kichwa, akaja Saka, akaja Havertz.

Tunashinda, sawa. Lakini hayo si mashindano tena jamani. Ni mechi moja yenye kombe mwishoni. Hapa kwetu tuna Simba Day tangu 2009 na Wiki ya Mwananchi ya Yanga tangu 2019, mgeni mmoja anaalikwa, wachezaji wapya wanatambulishwa, muziki, basi, na hamna anayelalamika kwa sababu tangu mwanzo ilikuwa sherehe na ilijiita sherehe. Emirates Cup ilianza kama mashindano. Najua si Arsenal peke yao. Barcelona wana kombe lao la Joan Gamper, lipo tangu 1966, limepewa jina la mwanzilishi wa klabu, nalo miaka thelathini lilikuwa la timu nne, tangu 1997 ni mechi moja. Na sababu naielewa, timu kubwa siku hizi mwezi wa saba ziko Marekani au Asia ndiko hela iliko, 2025 Arsenal wenyewe walikuwa Singapore na Hong Kong, nani atakupa wikiendi nzima aje London kucheza mechi mbili ndani ya siku mbili, makocha nao wanaogopa misuli ya watu. Naelewa. Ila kikosi cha sasa kina watu 25 na zaidi, mwanzo wa msimu kila mtu anatafuta dakika, mechi mbili wikiendi moja unagawa timu mbili, wale wa Jumamosi na wale wa Jumapili, kocha wetu wa zamani Wenger alikuwa anafanya hivo ndo tukamwona Wilshere. Leo mtoto wa akademi anaingia dakika ya 80 anagusa mpira mara tatu. Na timu za kualika zipo, si lazima PSG. Rangers na Celtic walikuja. Boca walivuka bahari.

Kingine, sisi tunaoangalia kutoka huku. Wikiendi ile ya timu nne ulikuwa unamaliza na umeziona timu tatu ambazo vinginevyo hungeziona mwaka mzima. Mimi Valencia, Hamburg, Porto nimewajua kwa Emirates Cup. Kaka mpaka leo ana kitu na Napoli kwa sababu ya ile 2-2 ya 2013, anawafatilia mpaka kwenye ligi yao.

Mjomba banda bado analo. Tivii sasa ni bapa, nne, turubai limekuwa bati, ubao hautumiki, kaka anasema umeegeshwa nyuma karibu na lile jenereta bovu.

Ile ya Bilbao niliangalia nyumbani na mwanangu, ana miaka saba. Mechi imeisha, Ødegaard kachukua kombe, mtoto ananiuliza mechi ya pili saa ngapi, maana huwa ananisikia nikisimulia. Nikamwambia hamna. Nikatoa kaunta buku, nikapiga mistari minne kama kawaida, sijui kupiga mmoja, nikaandika mstari wa juu kwa nyekundu Arsenal 3 Athletic Bilbao 0 na wafungaji, nikaenda jikoni kuangalia wali. Niliporudi nikakuta kachukua kalamu ya bluu kajaza mistari iliyobaki kwa mwandiko wake wa kulala. Napoli. Boka. Kosto Union.